Kahawa ya Tajiri wa Mombasa

Juma lililopita, katika stesheni ya Same, niliketi karibu na mchuuzi wa mchele kutoka Ndungu. Alikuwa akimrudia tajiri wa Mombasa aliyekataa kununua mchele wake. Dada yake alikuwa akimfunda.

“Ulikataa kahawa yake, akaona umemdharau.”

“Dada, kwetu mgeni hukataa kwanza, asionekane mlafi.”

“Kwao unapokea, unauliza habari za nyumbani, ndipo unataja mchele. Haya, karibu kahawa!” Akamnyooshea kikombe kitupu.

“Ahsante, nimeshiba.”

“Basi mchele utarudi nao, mdogo wangu!”

Nami nikatoa ndizi yangu ya pekee, nikamkaribisha yule mchuuzi kwa adabu tu, kama tufanyavyo Wapare. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani.

Nilifika Moshi na njaa, lakini sina shaka kwamba mchele utanunuliwa.