Waliosema Hatutoki Vizuri Kwenye Picha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ya picha ndani ya jengo la maduka la Bankstown, Australia, sikukabidhiwa kamera. Meneja wa studio alinionyesha sakafu. Ilibandikwa vipande vya tepu: nyekundu mahali pa taa, njano mahali pa kiti cha mteja, buluu mahali pa kusimama mpiga picha.

"Usisogeze chochote," aliniambia. "Kazi ya kufikiri imeshafanywa."

Miaka ya 2010 ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kabla ya kumfuata binti yangu Sydney nilikuwa nimepiga picha Morogoro kwa miaka ishirini, tangu enzi za kusafisha filamu gizani. Nilinyamaza kwa kuwa niliihitaji kazi. Kunyamaza kule bado kunaniudhi.

Wiki ya tatu alikuja Mkenya mmoja, muuguzi wa hospitali ya Westmead, pamoja na mkewe na mtoto wao wa miezi minne. Nyuma yao palikuwa na pazia jeupe. Ninyi mnaoanza leo kazi hii ya picha, lifahamuni jambo hili: kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Mzungu akikaa mbele ya pazia lile, hapotezi kitu. Sisi tukikaa pale, yanabaki macho na meno. Kwa hiyo niliitoa taa kwenye tepu yake nyekundu, nikaisogeza ubavuni mwa familia ile, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe ili mwanga uwarudie ukiwa laini.

Meneja akaingia. "Nani kagusa taa?"

Nikamweleza. Akairudisha taa mahali pake mwenyewe. "Kompyuta itarekebisha," akasema. Nikamwambia kompyuta haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia kwenye kamera. Akanijibu mbele ya wale wateja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja hali ya hewa: "Watu wenu hawatoki vizuri kwenye picha. Si kosa la mtu."

Kompyuta ikarekebisha. Iliwang'arisha wote watatu mpaka wakawa na rangi ya jivu la mkaa. Yule baba alipokuja kuchukua picha aliweka kidole juu ya mtoto na kuniuliza kwa Kiswahili, "Mama, huyu ni nani?"

Aliondoka na picha yake na hakurudi tena. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kusogeza taa. Nilipoisogeza mara ya pili, kwa ajili ya bibi mmoja Msudani, nilipewa ya kuondoka.

Kituo changu cha pili kilikuwa ghala moja huko Smithfield, nikipiga picha za bidhaa kwa ajili ya katalogi: mabuti ya mpira ya wafanyakazi, makumi kwa makumi, yote meusi tititi. Msimamizi wa ghala alikuwa mzee mkali asiye na maneno mengi. Picha yangu ya kwanza aliitazama, akaitupa mezani.

"Usinionyeshe buti," alisema. "Nionyeshe mshono. Anayenunua anaogopa maji kuingia. Tafuta anachokiogopa, ndicho upige."

Nikafanya kazi siku nzima mpaka kila mshono ukaonekana. Siri yake ni kwamba kitu cheusi hukipigi kwa mwanga wa usoni. Unaweka ubao mpana mweupe ubavuni mwake, nacho kinauakisi, na ule mng'ao ndio unaochora umbo lake. Msimamizi aliitazama picha mpya, akasema, "Hii sawa," na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyotoka Bankstown. Kwenye ghala lile hakuna aliyesema kwamba mabuti hayatoki vizuri. Buti jeusi lilipokuwa halionekani, mpiga picha ndiye aliyeambiwa hajui kazi. Kumbe ujuzi ulikuwepo, na ulikuwa rahisi. Buti lilistahili kuhangaikiwa. Mtoto wa yule muuguzi hakustahili.

Ndipo nikafungua biashara yangu, kwenye gereji ya binti yangu. Mwanzoni niliiendesha vibaya, na hili nalisema ili msilirudie. Nilimpokea kila mtu. Harusi, ubatizo, sherehe za mahafali, kikao cha chama cha Watanzania wa Sydney, kote huko waliniita kwa maneno yaleyale: "Dada, wewe ni wa nyumbani, utatupigia tu." Ukiwauliza kuhusu malipo, walikuahidi kukutangaza. Walinitangaza kweli, kwa wengine waliotaka bure. Watu haohao walimlipa mpishi, wakamlipa mpiga muziki, wakakodi na gari la bibi harusi. Mimi nilipewa sahani ya pilau na kuambiwa Mungu atanibariki.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya kazi ambayo niliiharibu kwa makusudi. Kampuni moja ya kutunza wazee iliniita niwapigie picha wafanyakazi wake kwa ajili ya kipeperushi. Miongoni mwao alikuwapo Mrundi mmoja, Mama Spesi, aliyelelewa kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma. Alikuwa kiongozi wa zamu. Wahudumu tisa walipokea maelekezo kwake. Mkuu wa masoko wa kampuni, mama kijana mwenye adabu nyingi, alimpa fagio la kudekia.

"Acheke kidogo," akaniambia. "Tunataka picha iwe na uhai."

Mama Spesi alilishika lile fagio. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi sidekigi hapa. Wanajua sidekigi."

Nikaiteremsha kamera. Nilimwambia mkuu wa masoko kwamba huyu ni kiongozi wa zamu na nitampiga akifanya kazi ya kiongozi wa zamu. Alitabasamu, akaniambia wateja wao hawatamwelewa. Nilimkalisha Mama Spesi mezani, mbele ya karatasi za dawa za wagonjwa, nikasimamisha ubao wangu mweupe ubavuni mwake, na nikapiga. Kampuni haikuitumia picha ile, wala haikuniita tena.

Mama Spesi alikuja gerejini wiki iliyofuata kuinunua. Nilitaka kumpa bure, akakataa. "Ukinipa bure itakuwa ni zawadi yako," alisema. "Mimi nataka iwe yangu." Akaituma pamoja na barua ya kuomba kazi kwingine, akapata usimamizi wa nyumba nzima ya wazee, akaitundika picha ofisini kwake.

Baada ya hapo simu zilianza kuja kutoka Westmead. "Nataka kama ile ya Mama Spesi," ndivyo walivyosema walioiona ofisini kwake, wauguzi, wafamasia, mhasibu mmoja aliyesoma usiku akiwa na watoto watatu. Nikaacha harusi, nikaacha vikao. Niliweka bei moja, nikaiandika mlangoni, na kila aliyeingia nilimuuliza swali la yule mzee wa Smithfield: unaogopa nini? Hakuna hata mmoja aliyeogopa kuonekana hana sura nzuri. Waliogopa kuonekana si wao. Hao ndio waliokuwa wateja wangu, na biashara ilinilisha mpaka mwisho.

Nilistaafu miaka ya 2010 ilipokaribia kwisha, magoti yalipokataa kusimama. Watu wa nyumbani waliniandalia chakula cha kuniaga kanisani, na mwenyekiti wa kamati akasimama na kuwaomba watu wanipigie makofi. "Tunamshukuru mama yetu," alisema, "kwa miaka yote aliyojitolea kutupigia picha."

Makofi yalipokwisha nilimwomba kipaza sauti. Binti yangu alinivuta kanga, nikamtoa mkono. Niliwaambia nawashukuru kwa chakula, ila mwenyekiti amekosea neno moja, na ningependa alisahihishe kabla sijaketi. Sikujitolea. Nilikuwa kazini.

Nikabaki nimesimama mpaka alipolisahihisha.