Mgonjwa wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na lori lile alilipenda kuliko kanzu yake ya Idi. Likipata hitilafu hakusema limeharibika. Alisema, "Mgonjwa wangu leo ana homa," nasi tukacheka. Siku hizi nikilisikia neno hilo hasira inanipanda hata kabla sijajua anayetajwa ni nani.

Ilikuwa miaka ya thelathini, tukiishi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Segese, nami nina mimba yangu ya kwanza. Chupa ya uzazi ilipasuka alfajiri. Mkunga alinipapasa tumbo, akanawa mikono, akamwita mume wangu nje. Mtoto amekingama, alimwambia. Nifikishwe hospitali ya Shinyanga kabla jua halijazama, la sivyo tutampoteza.

Tukaondoka wawili tu, mimi nimeegemea mto wangu wa pamba, uchungu ukija nauma ncha ya kanga. Hatukwenda mbali mvuke ukaanza kufuka mbele. Maji yalikuwa yanavuja, na debe letu la akiba likaishia kwenye rejeta. Akaipaka sabuni kila aliposhuku ufa. Tukasogea kidogo, mvuke tena. Kote mbugani majani yalikuwa yamekauka, na sikusikia hata ndege. Mtoto alikuwa bado anapiga teke. Niliyangoja mateke yale kama mtu anayengoja hodi.

Tukaona mji wenye ua wa minyaa kando ya njia. Mume wangu akashuka, na mwanamke wa pale akatoka kumlaki.

"Mwadila," mume wangu akamwamkia kwa salamu ya kwao, kisha akaomba maji. "Mgonjwa wangu amekauka kabisa, dada."

Mwanamke akatazama nyuma ya mume wangu, akaniona mimi na tumbo langu. Akaingia ndani upesi, akarudi na kibuyu kikubwa kilichojaa. Mume wangu alikipokea mbiombio, akakimiminia chote kwenye rejeta bila hata kuchungulia. Nilimwomba nipate japo funda moja. Akasema nivumilie, mbele tutapata mengine.

Mbele ipi? Mji ule ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu injini ilipochemka kuliko mwanzo. Ilipopoa mume wangu alifungua koki ya chini ya rejeta, kikatoka kitu kizito, kinajikokota. Akakichovya kidole, akaonja.

"Uji," akasema.

Mwanamke yule alikuwa ameliona lori limesimama, akaja mbio. Akamweleza kwamba kwao mgonjwa hapewi maji matupu, ndiyo maana alinikorogea unga wa mtama. Kisha akaiona midomo yangu ilivyopasuka, akaiona na rejeta, akarudi mbio kwake.

Alituletea maji, mara hii matupu, ya kisima cha mchangani, na nikanywa mimi kwanza kwa sababu alisimama pale kuhakikisha. Mume wangu akasafisha rejeta mpaka uji ukaisha. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Ndipo akafanya alilopaswa kulifanya asubuhi. Akavua mkanda wa feni, kwa kuwa feni ndiyo iliyokuwa ikirusha matone kila mahali, akawasha injini, akapiga magoti akatazama. Maji yalikuwa yanatoka shingoni mwa pampu ya maji. Kamba inayoziba pale imelika yote, na rejeta aliyoisingizia tangu asubuhi ilikuwa nzima.

Akauchomoa mto chini ya kichwa changu, akauchana, akasokota pamba yake kuwa kamba. Mwanamke akaleta mafuta ya ng'ombe ya kuilowanisha. Mume wangu akaizungusha shingoni mwa pampu, akakaza nati, akarudisha mkanda, akawasha injini.

"Hata tone," akaniambia huku anacheka.

Mimi nilikuwa nimeweka mkono tumboni. Tangu alipoanza kusokota ile pamba sikuwa nimesikia teke. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikilitamka litakuwa kweli.

Tuliingia Shinyanga giza limeshashika, na lori halikuvuja njia nzima. Mtoto alikuwa wa kiume. Tulimzika huko huko.

Tulipokuwa tunarudi, mume wangu alisimamisha lori penye ule ua wa minyaa ili kurudisha kibuyu. Mwanamke akatoka, akatuamkia, akauliza kama mgonjwa alipona. Mume wangu akageuka kunitazama.

"Wa kwake alipona, dada," nikasema.