Ndizi Zenye Mionzi

Dada yangu Adelfina nusura anikoseshe mume kwa sababu ya ndizi. Ni mwalimu wa fizikia, na ubishi wake hauna dawa. Tangu tukiwa wadogo hapa Kibimba, ukimwambia jambo anakuuliza umejuaje, nani amepima. Ana miaka thelathini na nane, hajaolewa, hajuti, na wanafunzi wake wa kidato cha nne wanafaulu kuliko wa mtu mwingine yeyote pale shuleni.

Mwezi uliopita aliwafundisha nyuklia. Aliwaeleza kwamba kiini cha atomu ya urani kikipasuka hutoa joto kali. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, na umeme unapatikana bila moshi. Mfuko mmoja wa urani unafanya kazi ya malori kwa malori ya makaa ya mawe. Ubaya wake pia hakuuficha: mtambo ukikosa maji ya kuupoza unaweza kuyeyuka, na taka zake hubaki hatari vizazi na vizazi, kwa sababu ya mionzi. Watoto wakaogopa. Ili kuwatuliza akasema, "Mbona hata ndizi ina mionzi kidogo, na mnakula kila siku?"

Kuwatuliza! Jumapili watu walipotoka misani, habari ilikuwa kwamba mwalimu amepima ndizi za Kibimba akakuta sumu ya bomu. Ikapanda bodaboda hadi Runazi, kwa kina Danstan, mchumba wangu, siku sita kabla hawajaja kuposa. Kwetu posa bila pombe ya ndizi si posa, na mama alikuwa ameshafukia mikungu yake shimoni iive.

Danstan akanipigia. "Baba mkubwa anasema pombe hiyo hainywi. Na asipokunywa, mazungumzo hayaanzi."

Nililia, wala sioni aibu kusema. Nikamwambia dada aende Runazi akakiri amekosea.

"Sikukosea," akasema. "Wakija nitawaeleza."

Nilitamani kumrushia mchi.

Jumamosi mchana wageni wakaketi, mtungi ukawekwa katikati na mirija ndani yake. Baba mkubwa, Mzee Gozbert, akakunja mikono. Desturi inamtaka aliyepika aonje kwanza mbele ya wageni, wajue hawakuwekewa kitu. Mama alipoinama kuonja, Adelfina akampokonya mrija mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema ndizi zina nyuklia?"

"Ni mimi. Zina mionzi. Hata mihogo yenu ya Runazi inayo, na maharage, na mimi nawe tulivyokaa hapa. Wataalamu wamepima. Ni kidogo mno, haidhuru mtu." Akainama, akavuta mafundo marefu hadi mama akamgusa bega.

Mzee hakusogea. "Na huo mtambo wa umeme uliowafundisha watoto? Nao utasema ni kidogo?"

Nikaomba kimoyomoyo: Sema ndiyo, dada, yaishe!

"Hapana, mzee. Huo si kidogo. Una faida kubwa, na ukisimamiwa vizuri mimi nautaka, wanafunzi wangu wasisome kwa kibatari. Lakini siku wakija kuujenga huku, nitawaomba vipimo, na nitawauliza nyumba ya mkubwa wao itakuwa umbali gani na mtambo. Wakisema anakaa mjini, warudi nao."

Kisha Mzee Gozbert akakunjua mikono.

"Mtu anayenitajia na ubaya wa kitu anachokitaka," akasema, "pombe ya kwao nitainywa." Akavuta mrija, akanywa, akafuta mdomo. "Haya, tuanze."

Machozi yakanitoka tena. Adelfina akaninong'oneza, "Sasa unalia nini?" Nikamwambia anyamaze, nikamshika mkono, na sikuuachia hadi wageni walipoondoka.