Nje ya Saa za Kuona Wagonjwa

Wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuuguza mtu kwenye hospitali yenye mlinzi kama yule wetu. Kwangu mimi yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na nimeiuguza kwa miaka, wala sikutaka ipone.

Mama alilazwa katika hospitali moja ya hapa mjini, sitaitaja, maana waliomo ndani walitutendea vizuri na sina neno nao. Neno langu ni la getini. Utaratibu ulikuwa kila mgonjwa awe na ndugu mmoja wa kumuuguza, basi, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Wengine wote waje kwa saa zao: asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa moja, mchana saa sita mpaka saa nane, jioni saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Ukiwa mtu wa hapa hapa mjini, wa Ujiji au Rusimbi, saa hizo hazikusumbui. Unapika, unafunga chakula chako kwenye kanga, unafika, unaingia, unamwambia mgonjwa pole, unaondoka.

Lakini mama alikuwa na mdogo wake kule Mwamgongo, na Mwamgongo hakuna njia ila ziwa. Boti inatoka huko alfajiri, inafika bandarini Kibirizi kama saa tatu asubuhi, watu wamekwishafukuzwa wodini zamani. Na mwenye boti anataka kurudi saa sita, maana alasiri ziwa linachafuka na yeye ana roho moja. Aliyepanga saa za hospitali na aliyepanga saa za boti hawajawahi kunywa chai pamoja.

Utasema, si angelala mjini? Hata mimi ningependa. Mume wa mama mdogo alikuwa hawezi kuinuka kitandani mwaka wa pili ule. Jirani alikubali kumtazama kutwa moja tu. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa na safari moja, siku moja, aje amwone dada yake arudi. Walizaliwa saba na wamebaki wawili. Mama alikuwa haombi kitu kingine. Daktari alikuwa ameshanivuta pembeni akaniambia tumwombe Mungu, na mtu mzima akiambiwa hivyo na daktari anaelewa. Kilichobaki kilikuwa hicho: mdogo wake aingie, wakae, waonane.

Siku hiyo kama saa tatu na nusu dada anayefagia wodini akaniletea sufuria imefungwa kwenye kanga. Getini palikuwa na sheria nyingine: chakula kinaingia, mtu haingii. Nilifungua, nikakuta samaki, kuhe wa mawese, na ugali wa muhogo bado wa moto kwa ndani. Mama alikuwa hajala siku tatu. Akanusa, akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Wengine wote mawese yanawashinda." Akala matonge mawili. Halafu akaniuliza, "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Nilikwenda getini mbio.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na sweta lake la bluu kwenye jua lile, funguo ikining'inia kwenye kamba shingoni. Funguo moja tu, ya kufuli moja, lakini alivyoishika ungedhani ni ya peponi. Mama mdogo alikuwa nje, mikono yake miwili kwenye nondo za geti.

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Huyu ni mama yangu mdogo, ametoka Mwamgongo kwa boti. Naomba aingie dakika tano."

"Saa sita."

"Saa sita boti inaondoka."

"Mimi sina boti," akasema. "Mimi nina geti."

Mama mdogo Kiswahili chake kina Kiha kingi ndani, na akiwa na wasiwasi kinazidi. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, nimwone tu, nirudi zangu. Sitakaa." Alimwita mwanangu, na kweli alikuwa na umri wa kumzaa. Yule bwana hata uso hakugeuza. Akasema, "Bibi, sheria ni sheria. Mngetoka mapema." Mtu amepanda boti kabla ya adhana, sijui mapema nyingine ni ipi.

Nilimbembeleza, nikamlilia, nikamtajia Mungu. Akaniambia nikiendelea kupiga kelele atanitoa na mimi, na nikitoka siingii tena mpaka mchana. Nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa peke yake kitandani. Mama mdogo alisimama pale karibu saa mbili nzima. Kisha akapitisha vidole kwenye nondo, akanishika mkono, akasema, "Mwambie nilifika." Akateremka kwenda Kibirizi.

Nilimwambia mama ukweli, kwamba amekatazwa getini. Alifumba macho. Lakini saa sita wageni walipoanza kuingia, kila mlango uliposukumwa aliinua kichwa, ingawa alijua.

Kesho yake ziwa lilichafuka tangu asubuhi na boti za kaskazini, za Mwamgongo zikiwemo, hazikutembea. Mama alifariki kabla ya alasiri. Sisi maiti hatulazi bila sababu; akaoshwa na wanawake wa mtaani, akaswaliwa, akazikwa jioni ile ile. Mama mdogo alifika siku ya tatu. Nilimpeleka makaburini nikamwonyesha lilipo kaburi.

Nilidhani huo ndio mwisho wa uchungu. Wapi. Baada ya matanga nilirudi hospitali kuchukua karatasi za kifo. Mlinzi yule alikuwa mapumziko, getini alikuwa mwingine. Ndani ya kibanda chao, ukutani, mahali ambapo siku zote lilitundikwa koti la mvua, siku hiyo koti halikuwepo. Palikuwa na tangazo. Nikalisoma. Saa za kuona wagonjwa, zote tatu, kama tunavyozijua. Halafu chini yake mstari mmoja: ndugu wanaotoka mbali, wakiwemo wa vijiji vya ziwani, wamwone muuguzi wa zamu awape kibali cha kuingia nje ya saa hizi.

Nililisoma mara tatu. Nikakaa kwenye kiti chake yeye. Mlinzi mwingine akaniuliza, "Mama, vipi, sukari imeshuka?" Nikamwambia haijashuka, imepanda.

Alijua. Alikuwa analitundikia koti kila asubuhi. Na mimi nisijitoe kwenye lawama: muuguzi wa zamu alikuwa na meza yake hatua ishirini kutoka kitanda cha mama, dada mpole kabisa, na sikumuuliza. Sisi watu wa mwambao wa ziwa tuna ugonjwa huo. Tukizuiwa getini tunaona hospitali nzima imekataa, kuanzia mganga mkuu mpaka vitanda. Tunaondoka tukisema Mungu hakupenda, kumbe Mungu hakuulizwa.

Nilimchukia yule mtu kwa moyo mweupe. Nasema mweupe kwa sababu haukuwa na doa la huruma.

Nikafanya hivi. Nilikuwa nauza chapati nyumbani Ujiji. Nikahamisha jiko langu, benchi na sufuria ya uji, nikaenda kuuzia nje ya geti lile. Uji wenyewe mzuri, hata wauguzi wakawa wananiagiza, na nikapata ruhusa ya kuwapelekea wodini kila saa tatu asubuhi. Lakini uji ulikuwa kisingizio. Kazi yangu ilikuwa kusoma lile tangazo kwa mdomo. Kila mtu aliyeshuka na beseni na mgonjwa begani nilimkalisha kwenye benchi nikampa darasa. Mama, umeleta shuka mbili? Moja ikifuliwa nyingine itandikwe. Chupa ya chai unayo? Kandambili za bafuni? Kadi ya kliniki usiiache nyumbani, bila hiyo faili wataanza upya. Dagaa wakavu usiwaingize, wodi nzima itawanusa na wapo wanaotapika. Watoto wabaki na mtu. Ukiambiwa mgonjwa asile kitu kabla ya upasuaji, hata kijiko cha uji wangu usimpe, hata akikulilia. Na kama ndugu zako wanatoka Mwamgongo au kokote ng'ambo ya maji, mlinzi asiwatishe. Ingia wewe, mwone muuguzi wa zamu, omba kibali. Ni haki yenu, imeandikwa, iko nyuma ya lile koti.

Hayo ya mwisho nilikuwa nayasema kwa sauti ya kufika getini.

Ndani ya miezi michache wanawake wa ziwani wakawa wanampita na karatasi mkononi, na yeye hana budi kuinuka kwenye kiti na kufungua. Kuinuka, kufungua, kukaa, kuinuka. Nilikuwa nahesabu huku nakoroga. Siku moja akanijia, amevimba. "Wewe mama ndiye unayeniharibia kazi."

"Kazi gani?" nikamwuliza. "Ya kutundika koti?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Akaniamuru niondoke mbele ya hospitali. Nikavuka barabara, nikatua upande wa pili ambako mamlaka yake hayafiki, nikaendelea pale pale nilipoishia. Koti likaondoka ukutani wiki ile. Mtu mwingine angeridhika. Thubutu.

Miaka ikapita, akastaafu, akaenda kulima Ilagala. Getini wakaja walinzi vijana. Ukuta wa kibanda ukapakwa rangi, tangazo likaenda na rangi ya zamani. Kibali kikabaki mdomoni mwa wanaokijua.

Kisha asubuhi moja nikamwona. Nilimjua kwa mabega kabla sijaona uso. Amezeeka, hana sweta, ameshika sufuria imefungwa kwenye kitenge, na kijana wa getini anamwambia saa sita. Anamweleza kuwa gari alilokuja nalo linarudi Ilagala kabla ya saa sita na kwamba yeye alikuwa mlinzi hapa hapa. Kijana anamwambia, "Mzee, hata kama ungekuwa mganga mkuu." Akasema kuna kibali. Kijana akamwambia akilete.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikaa nikaitazama ile picha nikasikia raha, raha ya kweli.

Alitazama huku na huku akaniona. Akavuka barabara. Sijui kama alinikumbuka vizuri, nadhani alinikumbuka. "Mama," akasema, "najua wewe unaingia. Mama yangu mzazi amelazwa wodi ya wanawake, kitanda cha tatu upande wa dirisha, na anayemuuguza hajui kuwa niko hapa. Nakuomba uniombee kibali kwa sista. Nimwone tu."

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia, "Sheria ni sheria, baba. Ungetoka mapema."

Akarudi kusimama penye kivuli cha ukuta na sufuria yake. Saa tatu ilipofika nikabeba uji nikampita. Nikampa muuguzi wa zamu kikombe chake, akaniuliza, "Huko nje kuna nini leo?" Nikamwambia hakuna kitu. Nilipotoka alikuwa bado yuko pale. Saa sita kasorobo akampa kijana sufuria iingizwe, akaenda zake stendi. Wala sikumwonea huruma, na usiku ule nililala vizuri.

Kisa hiki nilikuwa namwekea mama mdogo. Yeye ndiye mwenye deni, mimi nilikuwa namkusanyia. Mumewe alikuwa amekwishafariki, na mwezi uliofuata akaja kunitembelea kwangu Ujiji, akakaa barazani anachambua dagaa. Nikamsimulia chote, na sauti ya mlinzi nikaiigiza, na yangu. Nikamwambia, "Basi nikamwambia, sheria ni sheria, baba." Nikangoja acheke.

Aliendelea kutoa mchanga kwenye dagaa. Baadaye akasema, "Siku ile nililia kwenye boti mpaka Mwamgongo. Watu walidhani nimefiwa."

"Ndiyo maana nikafanya vile, mama mdogo."

"Sikuwa namlilia mlinzi," akasema. "Nilikuwa najua dada anautazama mlango." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Na huyo bibi wa dirishani, yeye alikuwa anamngoja nani?"

Nikamwambia sijui, sikumwona. Nikainuka nikaenda kutia maji jikoni.

Nilimwona. Kitanda chake kilikuwa njiani kwangu. Asubuhi ile nilipopita na uji alinishika kanga, akaniuliza kama huko getini kuna mwanaume mrefu mwenye sufuria. Nikamwambia hapana bibi, hakuna mtu.