Liwa na Mwanga wa Kichochoroni

Mimi naamka kabla ya adhana ya alfajiri, na sijaona hasara yake. Kichochoro chetu hapa Mji Mkongwe ni chembamba, jua haliingii moja kwa moja. Linaanza juu kabisa, ukingoni mwa nyumba ya mbele, ukuta unakuwa mwekundu kidogo, halafu mwanga unashuka taratibu. Nakaa barazani na karai langu la maandazi nikiutazama. Ukifika dirisha la kati, unga ushaumuka. Ukigusa kizingiti changu, maandazi ya mwanzo yashatoka. Saa sijavaa maishani mwangu. Raha ile simpi mtu.

Mwanga huo huo ndio ulionionyesha ujinga wangu.

Mwanangu wa kike aliolewa mtaa wa Amani. Mwaka jana alikuja kwangu akakaa siku tatu, na siku zote tatu uso mpaka shingo umejaa liwa. Sisi wanawake wa hapa tunausaga ule mti wa liwa unaonukia, tunajipaka usoni tung'are. Nikamsifu. Nikamwambia, "Vizuri, jitunze kwa ajili ya mumeo." Akageuza uso pembeni. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaona ana haya tu.

Siku ya nne hedhi ilikwisha, akakoga, akaswali, akaja barazani kunisaidia. Liwa yote imekwenda na maji. Mwanga ulikuwa ushafika kizingitini. Shavu la kushoto jeusi. Chini ya jicho pamevilia damu. Shingoni alama za vidole, vinne upande huu, kimoja upande ule.

"Nani?"

"Nilianguka kwenye ngazi, mama."

"Ngazi ina vidole?"

Akalia. Akasema mumewe anakuja kumchukua asubuhi ile, na lazima amfuate, asipomfuata atamuua.

Hata machozi hajafuta, mkwe wangu huyo kichochoroni. Salamu hakutoa. Alimkamata nywele akamburura, kichwa kikagonga ukuta wa baraza. Karai likapinduka, mafuta ya moto yakaruka, yakaniunguza mguu. Nikashika mchi wangu wa shaba wa kutwangia iliki, nikampiga nao mkononi. Hakuachia. Nikampiga tena, nikasikia mfupa. Akaachia, akanitia teke la ubavu. Mpaka leo nikicheka pananiuma.

"Bi mkubwa, huyu mke wangu!"

"Na huu mchi wangu. Sogea tena uone."

Wanaume walikuwa wanatoka darsa ya asubuhi msikitini. Wawili wakamshika. Jirani yetu, fundi wa milango, akanisogelea, akasema kwa upole, "Bibi, msitiri mwanao. Mwingize ndani, watu wanaona."

Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa. Jambo la ndani linarudi ndani, mlango unafungwa, na asubuhi ya pili mke anarudi kwa mumewe. Mwanangu mwenyewe alikuwa ashajifunika kanga mpaka machoni.

"Akiingia ndani," nikamwambia fundi, "nani atasema kaona?"

Nilitaka kuivuta kanga mimi. Nikauzuia mkono wangu. Uso ni wake.

Mwanangu akaiteremsha kanga mabegani, akageuka upande wa mwanga. Damu ilikuwa inamtoka kwenye nyusi.

"Haya, tazameni," akasema. "Tazameni vizuri."

Wakainamisha macho. Mmoja mmoja wakayainua.

Kwa kadhi walikwenda wakasema walichokiona, hata yule fundi. Mwanangu hakurudi Amani.

Siku hizi tunaamka pamoja. Yeye anasukuma unga, mimi nakaanga. Liwa bado tunasaga, ila nimemwambia ajipake jioni. Asubuhi namtaka uso mtupu. Nautazama huo kwanza, ndipo nautazama ukuta.