Chuma cha Sumaya hutoka mitaroni Murara

Saa mbili asubuhi, mvua imekatika. Katika mtaro mmoja wa Murara, mjini Goma, Sumaya Chabani amechuchumaa, anapitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya mchanga mweusi. Sumaku imefungwa kitambaa. Anapokifungua juu ya ndoo, chembe nzito zinadondoka.

"Sumaya, leo unauza matope bei gani?" anamtania mwendesha chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayepita.

"Pita! Siku moja misumari ya chukudu yako itatoka humu."

Mvua hushusha mchanga wa lava mitaroni, na chuma kilichomo ni kidogo. Kilo mia za mchanga humpa kilo kumi na mbili za chembe. Zikichomwa tanurini kwa gunia zima la makaa, hubaki kilo nne tu za chuma.

Baba yake, mhunzi kutoka Kasongo, alimfundisha kuvuta mivukuto. Kazi ya mchanga alijifunza mwenyewe. Alishindwa mara saba.

"Nilitia majiwe ya volkano yenyewe, nikasema itatoa chuma mingi," anasimulia huku akicheka. "Ikatoa kitu kama kioo ya chupa nyeusi. Mapendo akaniambia, 'Dada, umezaa volkano ya pili!'"

Mapendo ni jirani yake. Leo ndiye anayevuta mivukuto uani kwa Sumaya, kwa kuwa kuna mgeni: Papa Adalbert, fundi wa kiwanda kidogo kinachoyeyusha vyuma chakavu kupata feleji, yaani chuma cha pua. Anatafuta chuma safi cha kuchanganya humo, ingawa alishamwambia Sumaya kwamba hakiamini chuma cha mchanga. Chuma cha Sumaya kikipasuka chini ya nyundo, hatarudi tena.

Adalbert anakipasha moto kipande kilichochomwa juzi, anakipiga. Pembe moja inapasuka.

"Mama, nilikuambia. Muchanga ni muchanga."

Mapendo anaacha mivukuto. Sumaya hambembelezi mgeni.

"Papa, rudisha mu moto. Iko na mavi ya chuma ndani. Ulipiga mbio sana, haiyatoka yote."

Anachukua nyundo mwenyewe. Anapiga polepole, anakunja, anarudisha motoni, anapiga tena. Cheche na takataka zinaruka. Baada ya kukunja mara tatu anampa Adalbert koleo.

Fundi anakipinda kipande hadi ncha zake zinakutana. Hakipasuki. Anakigeuza, anakipinda upande wa pili.

"Nani alikufundisha kukunja hivi?"

"Baba yangu. Mimi mutoto wa muhunzi, Papa."

"Basi uniletee kilo makumi mbili kila juma."

"Nitaleta kumi," anajibu Sumaya. "Kumi ya kukunjwa muzuri. Makumi mbili itakuja siku nitakuwa na tanuri ya pili."

Udongo wa tanuri hiyo ameshaurundika kando ya ukuta. Amepanga kumkabidhi Mapendo aiendeshe.

Adalbert anaondoka na kipande kilichopindwa mfukoni. Sumaya anatazama mawingu yanayojikusanya tena upande wa volkano ya Nyiragongo, kisha anaifunga sumaku kitambaa kikavu.

"Inyeshe tu," anasema. "Kesho tuko na kazi."