Furushi la Programu ya Tiketi

Wagiyo wa mji wa Semarang alikuwa na mwili wa dereva wa lori na sauti ya muuza vitambaa, na kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kampuni moja ya mabasi. Dada wa kaunta walimtania kwamba anaongea na mashine kuliko na mkewe. Yeye aliwajibu kuwa mashine haina ndugu.

Ndugu wa mkewe ni Damar. Wagiyo ndiye aliyemtafutia kazi hapo hapo, akamfundisha, akamnunulia hata viatu vya kuingilia ofisini.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, mji mzima unataka kwenda kwao, tiketi zikavurugika. Watu wanalipa, programu inawashukuru vizuri tu, wakifika kwenye basi hawana kiti. Kina mama wamekalia maboksi yao ya biskuti kituoni, wanalaani. Meneja, Pak Gunarto, akafunga mauzo, akafungua faili la maagizo. Limeandikwa sawasawa: kazi halisi, si majaribio. Na aliyeligusa mwisho ni Wagiyo, basi meneja akaona kosa ni lake. Akamwambia kesho asubuhi mwenye kampuni anakuja, ajiandae kueleza.

Sasa, programu ikiwashwa hufungiwa furushi la maagizo, mafundi huliita mazingira, na hilo ndilo inalotembea nalo mpaka izimwe. Wewe rekebisha faili mpaka uchoke, yenyewe haina habari. Wagiyo akaliacha faili, akatafuta namba ya programu iliyokuwa hai, akachungulia furushi lake. Majaribio, yaani viti haviandikwi. Na mistari michache chini, jina la aliyeiwasha: Damar.

Angenakili mistari ile mahali, yakaisha. Mkono ulifika kwenye kibodi ukarudi. Aliona ni kama kumfungulia shemeji kesi.

Baada ya futari akamkuta Damar kwenye ngazi, anavuta sigara.

"Uliiwasha kwa majaribio ukajisahau," akamwambia. "Nimeona jina lako mle."

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna. Asubuhi kamwambie Pak Gunarto mwenyewe, mimi nitasimama na wewe. Ila usiiguse. Ukiizima, furushi linakwenda nayo."

Damar akaushika mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima. "Kaka, bila wewe mimi hapa ni nani?"

Asubuhi tiketi zilikuwa zinatoka kama maji. Damar aliiamkia programu alfajiri, akaizima, akaiwasha upya. Jina kwenye furushi jipya lilikuwa lake tena, safari hii la mkombozi. Pak Gunarto alimshika bega mbele ya mwenye kampuni, akasema bila kijana huyu tungechomewa kituo. Wagiyo akaeleza alichokiona. Akaulizwa kiko wapi. Akasema kilikuwa ndani ya programu iliyozimwa. Mwenye kampuni akamtazama kama mtu anayedai amekula chakula na jini, kisha akamwambia baada ya sikukuu asisumbuke kurudi.

Idi ikawakuta kwa mama mkwe. Mlangoni Wagiyo aliviona viatu vya Damar: vipya, si vile alivyomnunulia yeye. Ndani wadogo walikuwa wanapita kwa magoti mbele ya wakubwa, mmoja mmoja, kuomba radhi. Damar akafika kwa Wagiyo, akampa mkono.

"Kaka, nisamehe makosa yangu yote, ya nje na ya ndani."

Maneno ya kila mwaka, ya kila nyumba. Wagiyo hakuuachia ule mkono.

"Yapi?" akauliza polepole.

Damar akamwangalia kidogo, akainamisha kichwa. "Yote, kaka."

Mama mkwe akacheka. "Baba, utani gani huo, wenzio wanangoja foleni na kuku anapoa."

Mkewe hakucheka. Alikuwa anamwangalia Wagiyo kwa macho ya kuomba.

"Nimekusamehe," Wagiyo akasema.

Damar akanyanyuka mwepesi, kama kitu kilichozimwa na kuwashwa upya, akasogea kwa mkubwa mwingine.